Lincoln hakukataliwa na wananchi mwaka 1858

Juzi mwanafunzi wangu amenitumia tena ile orodha ya kutiana moyo inayozunguka WhatsApp: Abraham Lincoln alishindwa hapa, akashindwa pale, mwishowe akawa rais. Mstari mmoja huwa unanichoma: eti mwaka 1858 wananchi wa jimbo la Illinois walimnyima useneta wa Marekani wakampa Stephen Douglas. Hapana! Mwaka ule hakuna raia hata mmoja wa Illinois aliyepiga kura ya seneta.

Enzi hizo maseneta wa Marekani walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Wananchi walipewa kura hiyo mwaka 1913, kwa Marekebisho ya 17 ya Katiba. Utaratibu huo tunao hata sisi: wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki huchaguliwa na mabunge ya nchi zetu. Mgombea akikosa kura pale Dodoma, nani atasema Watanzania wamemkataa?

Novemba 1858 watu wa Illinois walichagua wabunge wa jimbo lao, na kwa jumla wagombea wa Republican, chama cha Lincoln, walipata kura nyingi kidogo kuliko wa chama cha Democrat waliokuwa upande wa Douglas. Ila viti viligawanywa kwa sensa ya 1850, na tangu hapo kaskazini, ngome ya Republican, kulikuwa kumejaa wahamiaji bila kuongezewa viti. Tena baadhi ya maseneta wa jimbo (hawa ni wa bunge la Illinois lenyewe, si wale wa taifa) hawakuwa na uchaguzi mwaka ule, na wengi wao walikuwa Democrat. Tarehe 5 Januari 1859 bunge likapiga kura: Douglas 54, Lincoln 46.

Sasa wapo wanaoruka upande wa pili na kusema basi Lincoln ndiye aliyependwa. Hapo nami nasita. Ni kweli mkutano wa Republican ulikuwa umemtangaza mapema kuwa mgombea wake wa useneta, na midahalo saba kati yake na Douglas ilifanya majina hayo mawili yajulikane kila kona. Lakini mkulima aliyempigia kura mgombea wa wilaya yake huenda alimpigia kwa sababu ni jirani yake. Kura ile haitupi njia ya kutenganisha hayo mawili.

Na Douglas si kivuli cha Lincoln. Alizaliwa Vermont mwaka 1813, akafika Illinois akiwa kijana wa miaka 20, akawa seneta mwaka 1847. Sheria yake ya Kansas na Nebraska ya 1854 iliwaachia walowezi waamue wenyewe kuhusu utumwa, na Kansas ikamwaga damu. Je, alisukumwa na imani au na reli aliyoitaka ianzie Chicago? Nimefundisha majibu yote mawili, na bado nayumba. Ninachoshikilia ni kwamba mwaka 1857 alimpinga Rais Buchanan, wa chama chake mwenyewe, kuhusu katiba ya Lecompton, iliyotaka Kansas iwe jimbo la utumwa, naye Buchanan akampiga vita.

Mwaka 1860, katika uchaguzi wa rais alioushinda Lincoln, hesabu ilimgeukia Douglas. Katika kura za wananchi alikuwa wa pili, akiwa na karibu milioni 1.4, lakini katika kura za wajumbe wa majimbo, ambazo ndizo humchagua rais, aliambulia 12, akawa wa mwisho kati ya wanne. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza alisimama na Lincoln. Aprili 25, 1861, alihutubia bunge la Illinois, lilelile lililompa kura 54, akiwaomba watu wa vyama vyote waiunge mkono serikali. Juni 3 akafariki Chicago, akiwa na miaka 48.