Nguo Inayoshonwa kwa Ajili ya Kioo cha Simu

Nimekata na kushona nguo kwa miaka mingi, na badiliko kubwa nililoliona katika kazi hii limo katika picha anayokuja nayo mteja. Zamani alileta ukurasa uliochanwa kwenye jarida. Siku hizi hunyoosha simu na kunionyesha video ya sekunde chache, ambamo mshawishi wa mitandaoni anageuka mara moja tu na gauni limemkaa kama ngozi ya pili. Nikiisimamisha video hiyo na kuikuza, mara nyingi huona mgongoni pini zilizobana kitambaa kilichozidi.

Pini hizo si jambo geni, kwani wapiga picha wa majarida wamezitumia tangu zamani. Jambo jipya ni kwamba aliyevaa ndiye sasa anayeamua kitakachoshonwa. Mwaka 2009, huko Milan, Dolce & Gabbana, kampuni ya mitindo ya Italia, waliwaketisha wanablogu wa mitindo mstari wa mbele kwenye maonyesho yao; mwaka uliofuata Instagram ikaanzishwa, na ilipofika Septemba 2016 Burberry, kampuni ya mavazi ya Uingereza, ilikuwa ikiuza nguo mara tu zilipoonyeshwa jukwaani, badala ya kuwasubirisha wanunuzi kwa takriban miezi sita kama ilivyokuwa desturi. Miezi hiyo ndiyo iliyotupa mafundi nafasi ya kushona sampuli, kuijaribisha mwilini, kuifumua na kuishona upya. Muda ukifupishwa, kinachoachwa kwanza ni kile kisichoonekana kwenye kioo cha simu: bitana, upana wa pindo, na nafasi ya mshono inayomwezesha mwenye nguo kuipanua anaponenepa. Hilo linaniuma, kwa sababu nguo isiyo na nafasi ya mshono haina njia ya kurekebishwa; ikibana, hutupwa.

Sheria zimeanza kuligusa jambo hili la picha zinazodanganya, ingawa kwa pembeni. Tangu Julai 2022 Norwe inataka matangazo yenye picha zilizobadilisha umbo, ukubwa au ngozi ya mtu yawekewe alama. Sheria hiyo inalinda mwili, nayo ni nzuri, lakini pini za mgongoni haizigusi.

Hata hivyo siamini kwamba simu ni adui wa ufundi. Septemba 2022, huko Paris, Coperni, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, walimpulizia mwanamitindo Bella Hadid umajimaji mweupe uliogeuka kitambaa palepale mwilini mwake, kisha mkono wa fundi ukakata pindo na kushusha mabega mbele ya watazamaji. Video hiyo ilienea duniani kote, na kilichowavuta watu, kwa maoni yangu, kilikuwa kuiona nguo ikitengenezwa. Hamu hiyohiyo ndiyo inayowafanya watu watazame video za mafundi wanaogeuza koti ndani nje na kueleza kwa nini bega limekaa vizuri. Nadhani washawishi wa aina hiyo ndio watakaobadilisha mitindo kwa kina zaidi, maana mtazamaji akishajua mshono mzuri ulivyo, huanza kuudai dukani.

Kwa sasa, mteja akininyooshea simu, humwuliza kwanza kama ana video nyingine, ambayo aliyevaa ameketi au ameinua mikono. Mara nyingi hana, nasi huanza kazi kwa kupima upya mwili wake mwenyewe, tukianzia mgongoni.