Kongo ya Mbelgiji haikuwa na bunge, tuelewane

Hapa Lubumbashi kuna watu wanashikilia kabisa kwamba wakati ya mukoloni tulikuwa na bunge kule Leopoldville (Kinshasa ya leo), wengine wanaongeza eti na wazungu wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu hii, walikuwa wanapiga kura. Hapana. Kile walichokuwa nacho ni Baraza la Serikali, na lile baraza lilikuwa la kushauri tu: gavana mkuu anasoma hotuba yake ndefu, wanajadili bajeti, wanatoa maoni, halafu gavana akitaka anafuata, asipotaka basi imeisha. Tena hakuna aliyechaguliwa, wote waliteuliwa, wakubwa wa utawala, watu wa makampuni, na wa kusemea weusi kwa miaka mingi alikuwa mzungu, mara nyingi mupadri (fikiria hiyo!).

Sheria zenyewe zilitoka Ubelgiji. Ile Sharti ya Koloni ya 1908 (Charte coloniale, sheria ya msingi ya kutawala koloni) iliachia bunge la Brussels na mfalme kazi hiyo, mfalme njo alikuwa anasaini dikrii (amri za mfalme zenye nguvu ya sheria) karibu zote, na gavana mkuu kukiwa na haraka aliweza kutoa amri ya nguvu ya sheria, lakini ikapita miezi 6 bila dikrii ya kuithibitisha inakufa.

Kura ya kwanza ilikuja Desemba 1957, na ilikuwa ya komini tu, yaani mabaraza ya sehemu za mji, katika miji 3: Leopoldville, Elisabethville na Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Bunge la kweli la kuchaguliwa na wananchi ni la Mei 1960, viti 137, uhuru umeshabisha hodi.