Mchujo wa makomando: maana yake, na namna mtu anavyojiandaa

Mchujo ni kipindi ambacho jeshi huwapima askari wanaoomba kuingia kikosi maalumu, kabla halijaanza kuwafundisha kazi yenyewe ya kikosi hicho. Hapo kwenye "kabla" ndipo wengi wanapopotea. Kijana akisikia habari za ukomando huwaza depo: unaingia mlegevu, wakufunzi wanakukimbiza mchakamchaka alfajiri, miezi inapita, unatoka mkakamavu. Depo hujenga, na kuruta mzito wa mbio ana wiki za kunyooshwa. Mchujo hauna nafasi hiyo. Unakukuta ulivyo, unakutwisha mzigo, kisha unatazama kitakachobaki. Ndiyo maana kujiandaa ni kazi ya miezi mingi kabla ya siku ya kuripoti, na anayekwenda akitumaini kupata nguvu hukohuko amekwisha chelewa.

Nichukue mfano wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, kwa sababu vikosi vya nchi nyingi vimejifunza kwake. David Stirling alikianzisha mwaka 1941 kwenye jangwa la Afrika Kaskazini. Baada ya Vita Kuu ya Pili kikavunjwa, na mwaka 1950 vita vya msituni huko Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, vilipohitaji watu wa aina hiyo, askari walikusanywa kwa haraka. Baadhi yao walikuwa hodari, wengine nidhamu iliwashinda kabisa. Mwaka 1952 afisa mmoja, John Woodhouse, akarudishwa Uingereza kuweka utaratibu wa kuwachuja watu mapema. Sababu yake inaeleweka ukiifikiria doria ya watu wanne waliozama msituni kwa wiki nyingi, mbali na msaada wowote. Mmoja akivunjika moyo, watatu waliobaki wanabeba mzigo wake, na yeye mwenyewe juu yake.

Mchujo huo hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya baridi na ya joto, na wanaoingia ni watu ambao tayari wanatumikia jeshi. Sehemu yake ya kwanza iko kwenye milima ya Brecon Beacons, Wales. Kilele cha juu, Pen y Fan, kina mita 886 tu, na aliyekulia chini ya Meru au Mlima Kenya anaweza kujiuliza ugumu uko wapi. Uko kwenye hali ya hewa na mzigo. Ukungu hushuka ghafla hadi huoni mita kumi mbele, mvua inakuja kwa ubavu ikisukumwa na upepo, na ardhi ya majimaji hunyonya buti kila hatua. Kuna safari maarufu ya kilometa 24 ya kuuvuka mlima huo hadi upande wa pili na kurudi, shanta ya kilo 16 hivi mgongoni na bunduki mikononi, kwa muda wa saa nne au karibu na hapo. Safari ya mwisho ni kilometa 64. Shanta hufika kilo 25 bila kuhesabu maji, chakula na bunduki, na muda ni saa 20. Njia unaitafuta mwenyewe kwa ramani na dira, na kwenye ramani huruhusiwi kuandika chochote.

Kinachowashangaza wageni ni ukimya. Hakuna afande anayekufokea, hakuna anayekutia moyo. Unafika kituoni, mkufunzi anakupa namba za mahali pa kwenda, unamwonyesha ulipo na unakoelekea, unaondoka. Huambiwi kama umechelewa au umewahi. Aliyezoea kusukumwa na sauti ya kocha au kwa kushindana na wenzake, hapo anabaki peke yake na mawazo yake, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo kikali kuliko kilima chochote.

Sasa mwili. Kosa la kwanza la vijana ni kuanza na mzigo mzito. Moyo na mapafu huzoea kazi ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Matokeo yake mtu anajisikia yuko tayari, pumzi inatosha, na hapo ndipo mfupa wa ugoko unapopata ufa. Anza na kilo 10 na mwendo mfupi, mara moja kwa wiki. Kila hatua ongeza uzito au umbali, usiongeze vyote viwili kwa pamoja. Panda kilima kwa mwendo wa haraka wa miguu, na usikimbie ukiwa na shanta nzito, kwani magoti yanalipa gharama kubwa kwa faida ndogo. Mbio zako nyingi ziwe za taratibu, za kuweza kuzungumza bila kuhema. Siku chache tu ndizo za kukaza. Ongeza mazoezi ya nguvu ya mapaja, nyonga na mgongo, kwa sababu pushapu peke yake hazimpandishi mtu mlimani.

Na miguu, miguu, miguu. Buti zivaliwe miezi kadhaa kabla, kucha zikatwe, soksi kavu ziwepo daima. Jifunze ni wapi ngozi yako huchubuka na uizibe kabla lengelenge halijatoka. Nimesikitika kila niliposoma habari za watu wenye mapafu ya farasi waliorudishwa vikosini mwao kwa sababu ya visigino. Usingizi nao usiufanyie mazoezi ya kuukosa, kwani mwili hauzoei kukosa usingizi. Lala vizuri, na wiki mbili za mwisho punguza kazi ili uende ukiwa mpya.

Kwa upande wa akili, Wamarekani ndio waliolieleza jambo hili waziwazi zaidi. Makomando wao wa majini, SEAL, huchujwa Coronado, California, katika kozi ya wiki 24. Ndani yake imo Wiki ya Jehanamu: siku tano na nusu za baridi, maji ya bahari, mchanga na magogo, huku usingizi wa wiki nzima haufiki hata saa nne. Anayeacha hugonga kengele ya shaba mara tatu na kuweka kofia yake chini. Huko hufundishwa mbinu nne: kuweka lengo dogo, kuliona tendo akilini kabla ya kulifanya, kujisemea maneno ya kujenga, na kutuliza pumzi. Lengo dogo maana yake ni kutoifikiria Ijumaa ukiwa Jumatatu. Fikiria kifungua kinywa. Ukikipata, fikiria cha mchana. Waliopita husimulia mara kwa mara kwamba kengele huvuta zaidi wakati wa kusubiri, pale mtu anapoyatazama maji kabla hajaingia, kuliko akiwa ndani yake.

Wengine hudhani komando ni mtu asiyeogopa. Daktari wa magonjwa ya akili, Charles Morgan, na wenzake waliwapima damu askari wa Marekani waliokuwa kwenye mafunzo ya kuhojiwa kama mateka huko Fort Bragg, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Msongo uliwapata hata wale wa kikosi maalumu. Tofauti ni kwamba miili yao ilitoa kwa wingi zaidi kemikali iitwayo nyuropeptaidi Y, inayosaidia kuituliza hali hiyo, na baada ya siku moja kiwango chake kilikuwa kimerudi kawaida, ilhali kwa wengine kilikuwa kimepungua. Hofu ilikuwepo. Kilichotofautiana ni jinsi walivyoibeba, na jinsi walivyorejea.

Zoezi moja ninalolipenda kwa ajili ya ukimya wa Wales: mwombe mwenzako apange njia bila kukuambia urefu wake, akupe kituo kimoja kimoja, na kila ukifika asiseme neno zaidi ya kituo kinachofuata. Mara ya kwanza utaona jinsi akili inavyohangaika kutafuta mwisho wa safari. Fanya hivyo usiku, fanya kwenye mvua, na ramani yako usome mwenyewe.

Lakini kuvumilia kuna mpaka, na anayekuandaa bila kukufundisha mpaka huo anakuhatarisha. Julai 2013, siku ya joto kali, askari watatu wa akiba walikufa kutokana na mchujo wa aina hii kwenye milima hiyohiyo ya Brecon. Joto la miili yao lilipanda kupita kiasi, na uchunguzi wa kisheria mwaka 2015 ukasema uzembe ulichangia. Maumivu ya mapaja na lengelenge ni sehemu ya kazi. Kuacha kutoka jasho kwenye jua, kuyumba, kuchanganyikiwa hadi unasoma ramani bila kuielewa, au mkojo wa rangi ya soda nyeusi, hizo ni dalili za mwili unaoharibika, na pengine figo zimo hatarini. Ukiziona kwa mwenzako, simama naye, mpoze kwa maji na uite msaada. Mwenyewe anaweza kukuapia kwamba yuko sawa, kwa sababu akili inayopaswa kumwonya ndiyo iliyokwisha pata joto.

Wanaovuka milima wanaondoka Wales na kupelekwa kwenye misitu ya joto, Brunei au Belize, kuishi katika makundi madogo ya doria. Huko wakufunzi huanza kuangalia kitu kingine: kama mtu aliyeloa kwa wiki kadhaa bado anasafisha bunduki yake, anaifunga shanta yake sawasawa gizani, na anakubalika na wenzake watatu.