Wimbi la kilomita 4, antena ya kiganjani

Wengi barani Ulaya wanaotaka kujitengenezea kipokezi cha mawimbi ya redio yanayotangaza saa sahihi kutoka DCF77, kituo kilichopo Mainflingen karibu na Frankfurt, Ujerumani, hukata tamaa mapema. Hupiga hesabu: masafa ni kilohezi 77.5, urefu wa wimbi unakaribia kilomita 4, basi antena lazima iwe waya wa mamia ya mita.

Sivyo. Kijiti cheusi cha feraiti (kauri yenye oksidi ya chuma) kutoka redio kuukuu kinatosha. Kizungushie waya mwembamba hadi koili ifike milihenri 2, unganisha kapasita ya nanofaradi 2.1, na mzunguko utaitikia masafa hayo. Kwenye masafa ya chini hivi, kelele za redio za angani huzidi za kipokezi chenyewe. Antena kubwa hukuza ishara na kelele kwa pamoja.

Adui halisi ni chaja ya simu na televisheni. Mimi ningeanza kwa kuzisogeza mbali. Kisha laza kijiti, ubavu wake ukielekea kituo, si ncha.

Kila sekunde nguvu ya mawimbi hushuka: mshuko wa sekunde 0.1 ni tarakimu sifuri, wa 0.2 ni moja, na tarakimu hizo ndizo hubeba saa na tarehe. Sekunde ya 59 haina mshuko, na hapo ndipo dakika mpya hutambulika.