Je, wajua? Kompyuta mpya ya injini haiongezi nguvu hata ya punda mmoja

Mwenye gari ya spoti yenye tabo, yaani feni ya kushindilia hewa ndani ya injini, akitaka iende kasi zaidi, jambo la mwanzo atakaloambiwa barazani ni abadilishe kontroli boksi, yaani ile kompyuta inayoendesha injini. Basi boksi jipya linaongezaje nguvu? Na katika hayo yanayouzwa, achague lipi? Jibu la swali la kwanza ni fupi: haliongezi. La pili ni refu kidogo, na nimelijua kwa kulikosea kwanza, kwa fedha zangu mwenyewe.

Gari yangu ni Subaru Impreza ya miaka ya tisini, lita 2, yenye tabo, mtumba wa Japani kama zilivyo gari nyingi hapa Unguja. Nikasikia kuna mtu Dar anauza boksi la kisasa lililotumika, la kuandikwa upendavyo tarakimu za kuamrisha petroli na cheche. Likavuka kwa boti limeviringishwa taulo. Fundi wa Mwanakwerekwe akalala chini ya dashibodi upande wa abiria, akafunua zulia, maana kwenye gari hizi kompyuta ya kiwanda imelala hapo miguuni, akalitoa la zamani akachomeka jipya. Injini ikawaka. Ikakohoa. Ikapiga chafya kwenye paipu ya kuvutia hewa, ikazima. Mara ya pili vilevile.

“Mwanangu, hili boksi limetoka kwenye gari gani?”

“Subaru kama hii, ami.”

“Kama hii, au hii?”

Nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo elimu yote, na ilinichukua miezi kuielewa.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba nguvu inakaa ndani ya boksi, na kwamba boksi la bei kubwa lina nguvu nyingi zaidi. Hebu tuitafute hiyo nguvu inakotoka. Injini inachoma petroli, na ili kilo 1 ya petroli iungue sawasawa inataka karibu kilo 14.7 za hewa. Petroli si tatizo. Ukitaka nyingi, weka pampu kubwa na nozeli kubwa, imwagike. Shida ni hewa. Injini ya lita 2 isiyo na tabo inavuta kadiri ya nafasi yake tu. Tabo inaishindilia: ukiisukuma hewa kwa baa 1 juu ya mgandamizo wa kawaida wa hapa pwani, ambao nao ni karibu baa 1, umekaribia kuingiza mara mbili. Nguvu imo humo, kwenye uzito wa hewa iliyoingia. Boksi la alumini lenye waya halitengenezi hewa hata ya kujaza kastabini.

Kwa mtu wa visiwani, mfano wa karibu ni nahodha. Nahodha hafanyi upepo. Kusi au kaskazi inavuma kwa amri nyingine. Kazi yake ni kujua tanga alikaze kiasi gani na lini alegeze. Nahodha mzuri na mbaya wakipewa jahazi moja siku moja watafika saa tofauti, lakini hakuna aliyevuma.

Hapo ningeishia, kama si kwamba uongo huu una nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayotuponza. Kwenye gari yenye tabo, kiasi cha hewa kinachosukumwa kimo kwa sehemu mikononi mwa kompyuta. Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Pembeni kuna kimlango cha kupitishia moshi nje ya tabo, mafundi wanakiita westigeti, na kompyuta ndiyo inayoamua, kupitia vali ndogo ya umeme, kifunguke lini. Kikichelewa kufunguka, tabo inasukuma zaidi. Kiwanda huwa kinaacha akiba makusudi, kwa ajili ya mteja atakayetia petroli duni, atakayesahau oili, atakayepanda mlima wakati wa joto. Watengenezaji wa Japani walikuwa hata na makubaliano baina yao ya kutotangaza gari yenye zaidi ya nguvu za farasi 280 kwa hesabu zao, na yalidumu hadi 2004. Kwa hiyo ukibadilisha tarakimu, gari yenye tabo inaongezeka kweli, na mara nyingine unaisikia mgongoni.

Lakini angalia kilichobadilika: ni tarakimu. Boksi ni lilelile. Mimi nilinunua boksi nikidhani nimenunua nguvu, kama mtu anayenunua sufuria ya mpishi mashuhuri wa biriani akaenda nalo nyumbani kusubiri lipike. Na tarakimu zilizokuwamo zilikuwa za gari ya mtu mwingine. Yeye alikuwa na nozeli za sentimita za ujazo 550 kwa dakika. Zangu ni 440. Kompyuta haioni petroli ikimwagika, inahesabu muda tu wa kufungua nozeli. Kila ilipodhani imemwaga vikombe 5, imemwaga 4. Ndiyo maana ya zile chafya. Fundi aliizima kabla sijaitoa barabarani, na namshukuru, kwa sababu injini yenye tabo ikinyimwa petroli huku inasukumiwa hewa inaweza kutoboa pistoni.

Historia yake kwa haraka: mwaka 1967 Volkswagen ilianza kuuza gari zenye mfumo wa Bosch wa kumwaga petroli kwa umeme, mwaka 1979 BMW 732i ikaja na boksi moja linaloamrisha petroli na cheche pamoja, na katikati ya miaka ya themanini Waaustralia wa Haltech walikuwa wanauza boksi ambalo mnunuzi mwenyewe anaandika tarakimu. Mengine ni kasi ya chipu tu.

Ninachokipenda zaidi katika hadithi hii ni cheche. Chukua bembea za sikukuu pale Kariakoo ya hapa Unguja. Mtoto anarudi kwako, unataka kumsukuma. Ukisukuma mapema, angali anakuja, unagongana naye na kifundo cha mkono kinakuuma. Ukichelewa, keshaondoka, unasukuma upepo. Wakati mzuri ni mmoja: amefika kilele na ameanza tu kuondoka. Pistoni ni huyo mtoto. Mgandamizo wa moto unatakiwa ufikie kilele nyuzi kumi na kitu za mzunguko wa shafti baada ya pistoni kupita juu, inapoanza kushuka.

Ila mkono wako ni mzito. Moto haushiki mchanganyiko wote papo hapo. Unasambaa kuanzia kwenye plagi, na kusambaa huko kunachukua milisekunde moja au zaidi. Kwa hiyo inabidi uanze kunyoosha mkono mtoto angali anakuja, ili umfikie anapoondoka. Cheche inapigwa kabla pistoni haijafika juu. Kwa mizunguko 6000 kwa dakika, kila milisekunde shafti inageuka nyuzi 36, na silinda nne zinadai cheche 200 kila sekunde. Ukikosea nyuzi 1, umekosea chini ya sehemu moja ya thelathini ya milisekunde. Na huo mkono haunyooki kwa kasi ileile siku zote: hewa ikishindiliwa na tabo moto unasambaa upesi zaidi, kwa hiyo cheche lazima icheleweshwe.

Hakuna kanuni moja inayoyatoa majibu haya yote. Kompyuta inatumia jedwali: safu za kasi ya injini, nguzo za mzigo wa hewa, na kila kijumba kina nyuzi zake. Jedwali la 16 kwa 16 lina vijumba 256. Injini ikiwa katikati ya vijumba, kompyuta inakisia kama mvuvi anayejua maji yalijaa saa ngapi na yatakupwa saa ngapi, akakisia yalipo sasa. Kumwandikia mtu jedwali ni kupita kijumba hadi kijumba, injini ikiwa chini ya mzigo, na sikio wazi.

Sikio, kwa sababu ukipiga cheche mapema mno kwenye injini yenye tabo kunatokea jambo jingine: mchanganyiko ulio mbali na plagi unabanwa, unapata joto, unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Mafundi wanasema injini inanoki. Unasikika kama kokoto ndani ya kopo la maziwa. Kiwandani wanafunga kwenye injini sensa inayosikiliza mlio huo, na kompyuta ikiusikia inarudisha cheche nyuma. Petroli yenye okteni kubwa ndiyo inayovumilia zaidi. Kwa viwango vya Japani petroli ya kawaida ni okteni 89 kwenda juu, ile ya daraja la juu ni 96 kwenda juu, na gari nyingi za tabo ziliandikiwa jedwali kwa hiyo ya pili. Fungua kifuniko cha tangi uangalie kibandiko. Mtu akikuletea jedwali “lililopikwa Japani”, muulize petroli gani.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Hewa ya nyuzi 32 za joto ni nyepesi kwa asilimia 5 hivi kuliko ya nyuzi 15, na tabo inaipasha zaidi, ndiyo kisa cha kuwekwa intakula, kile kipoza hewa. Unyevu una kioja chake: kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, asilimia 3 na kitu ya kile injini inachovuta ni mvuke wa maji. Mvuke unachukua nafasi ya hewa, kwa hiyo unapunguza nguvu. Lakini pia unatuliza moto, kwa hiyo unapunguza kunoki. Wapo wanaoapa gari zao zinakimbia zaidi usiku wa masika. Huenda ni mvuke, huenda ni ubaridi wa usiku, huenda ni barabara tupu.

Sasa kuchagua. Swali langu la zamani lilikuwa “boksi lipi lina nguvu?” Siku hizi nauliza kompyuta niliyonayo inashindwa kuona nini. Gari kama yangu inapima hewa kwa sensa inayotoa umeme usiozidi volti 5. Hewa ikizidi, sensa inabaki palepale juu. Ni sawa na kupima mchele kwa kibaba kilichojaa: unaomwagika nje hauhesabiki, na kompyuta haitaumwagia petroli yake. Hapo ndipo boksi jipya, lenye kupima mgandamizo kwa sensa ya baa 3, lina kazi. Kama hujafika huko, liache la kiwanda mahala pake uandikiwe tarakimu upya. Subaru za kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni nyingi zinakubali kwa waya na laptopu. Za zamani mara nyingi zinataka kufunguliwa na kubadilishwa chipu. Njia hii haina mbwembwe, hakuna cha kuwaonyesha watu ukifungua boneti, lakini kiyoyozi kinafanya kazi na gari inawaka asubuhi. Ningeanza nayo.

Pigibeki siipendi, nitasema kwa nini. Ni kiboksi kinachokaa kati ya sensa na kompyuta, kama mkalimani asiye mwaminifu. Sensa ikisema hewa 10, yeye anatafsiri 8, ili kompyuta ipunguze petroli kwa kuwa umeweka nozeli kubwa. Petroli inakaa sawa. Lakini kompyuta ikidhani hewa ni chache inahamia upande wa mzigo mdogo kwenye jedwali la cheche pia, inapiga mapema, na mtoto wa bembea anakurudia usoni. Zipo gari zimeishi nazo miaka, sikatai.

Ukiamua kubadilisha kabisa, yako maboksi ya kuchomeka kwenye soketi ya kiwanda, kama ya Link ya Nyuzilandi au Haltech, na yako ya kuunga waya mmoja mmoja. Kwa pwani nasema chomeka. Kila kiungo cha waya ni mlango wa chumvi. Nimefunua tepu ya mwaka mmoja nikakuta shaba imegeuka kijani kama mkufu wa bei ya chini. Na kabla hujalipa, mtafute atakayeandika jedwali, umuulize anatumia boksi gani, ndilo ununue hilo. Aje na sensa ya okisijeni ya wigo mpana, ya kupima ekzosini kama petroli imezidi au imepungua, asiandike kwa kunusa ekzosi.

Mimi nilirudisha la kiwanda. Fundi akakuta mpira wa hewa umepasuka nyuma ya intakula, akaubadilisha pamoja na plagi nne, na gari ikapata pumzi ambayo sikuwahi kuijua. Boksi la Dar nililiuza kwa kijana wa Wete, nikalibandika karatasi: “Limeandikwa kwa nozeli za 550.” Wiki iliyofuata akanipigia kuuliza litampa farasi wangapi.