Heffelfinger: mechi moja, dola 500

Wengi wakimtaja William "Pudge" Heffelfinger kama mchezaji wa kwanza wa kulipwa katika soka la Kimarekani, hawasemi kwamba malipo yake yenye ushahidi ni ya mechi moja tu. Ilichezwa eneo la Pittsburgh, Marekani, tarehe 12 Novemba 1892, Allegheny Athletic Association, aliyoichezea yeye, dhidi ya mahasimu wao, Pittsburgh Athletic Club.

Heffelfinger alikuwa gadi, yaani anasimama ubavuni mwa mchezaji wa kati anayetoa mpira, na sifa yake aliijenga Chuo Kikuu cha Yale. Enzi hizo pasi ya mbele ilikuwa marufuku, timu ilipewa majaribio matatu kusogea yadi 5, na mistari miwili ilikabiliana uso kwa uso bila nafasi katikati. Gadi wa kawaida alibaki palepale akisukumana. Heffelfinger alichomoka mstarini, akamtangulia mbeba mpira na kumfagilia njia. Mbinu hii haitaki mzembe: gadi akichelewa hatua moja, mbeba mpira anamparamia mgongoni, na pengo aliloliacha wapinzani wanapitia humohumo.

Pittsburgh walipowaona mamluki wa Allegheny, yaani wachezaji wa kukodiwa kutoka nje, waligoma, na mechi ikachezwa tu baada ya dau zote kufutwa. Bao pekee lilikuwa la Heffelfinger. Alimgonga mbeba mpira wa Pittsburgh, mpira ukamtoka, akauokota na kukimbia nao hadi mstari wa goli. Bao la namna hiyo, tachidauni, lilihesabiwa pointi 4, na matokeo yakabaki 4–0.

Klabu hizi zilijiita za ridhaa, kwa hiyo pesa ilipita mlango wa nyuma, mara nyingi kwa jina la nauli na posho. Allegheny, kwa bahati yetu, waliandika kila kitu. Daftari lao, lililo katika makumbusho ya Canton, Ohio, linaonyesha mapato ya dola 1,683.50 na matumizi ya dola 1,062. Humo mna dola 25 za safari ya Heffelfinger, na bonasi ya dola 500 taslimu kwa kucheza. Mtu mmoja alikula karibu nusu ya matumizi, na bado klabu ikabaki na faida ya dola 621 na ushee! Kwangu mimi hesabu hiyo ina uzito kuliko bao lenyewe. Kabla ya daftari kuibuka miaka ya 1960, heshima ya kuwa wa kwanza kulipwa alipewa John Brallier, aliyelipwa dola 10 na gharama zake huko Latrobe mwaka 1895.

Wiki iliyofuata Allegheny walimlipa Ben Donnelly dola 250 awachezee dhidi ya Chuo cha Washington and Jefferson. Walifungwa 8–0.