Kuweka taarifa za kozi za ufundi stadi mtandaoni: anzia kwenye jedwali

Chuo cha ufundi kikiamua kuweka taarifa zake mtandaoni, kikao cha kwanza huishia kwenye rangi za tovuti na picha ya mkuu wa chuo. Mimi huuliza swali moja: ada ya ufundi bomba kwa mwanafunzi wa bweni ni kiasi gani leo, na nani aliithibitisha mara ya mwisho? Kama jibu liko kichwani mwa mhasibu na kwenye tangazo la ubaoni, tovuti itasambaza makosa yaleyale kwa watu wengi zaidi.

Kwa hiyo tengeneza jedwali kwanza. Mstari mmoja kwa kila kozi katika kila kituo, maana uchomeleaji wa Moshi na wa Mtwara unaweza kutofautiana nafasi, bweni na tarehe. Safu zake: jina rasmi la kozi, majina ya mtaani, ngazi (Tanzania Bara ni Ngazi ya I hadi ya III ya tuzo ya taifa, au kozi fupi), muda, kutwa au bweni, sifa za kujiunga, ada, gharama nyingine, siku ya kuanza, mwisho wa maombi. Ongeza mbili ambazo huachwa karibu kila mahali: tarehe taarifa ilipothibitishwa na cheo cha aliyethibitisha. Cheo kinatosha, watu huhamishwa.

Safu ya gharama nyingine ndiyo inayoleta ugomvi getini. Mzazi amejipanga kwa ada aliyoisoma, akifika anatajiwa vifaa, sare, chakula na mtihani. Kila kimoja kipewe mstari wake. Kisichokuwa na bei maalumu kiandikwe wazi: mwanafunzi ananunua mwenyewe, orodha hii hapa.

Majina ya mtaani nayo si mapambo. Mwongozo unaandika "Umeme wa Majumbani". Kijana anatafuta "wayaringi" au "kufunga umeme". Ufundi magari ni "makanika", na Zanzibar fani zote hizi huitwa mafunzo ya amali, hata mamlaka yake inaitwa hivyo. Weka pia makosa ya tahajia: "uselemala" kwa useremala, maana r na l hubadilishana kwa watu wengi. Kisanduku cha kutafutia kinachojibu "hakuna matokeo" kwa sababu ya herufi moja kimemfukuza mwombaji.

Jedwali likikamilika, ukurasa wa tovuti, meseji, menyu ya kitochi na majibu ya WhatsApp vyote vichote humo. Ukiandika ada kwa mkono sehemu nne, mwakani utakuwa na ada nne.

Kwenye tovuti, acha kupandisha tangazo lililoskaniwa. Ile ni picha: mtu hawezi kutafuta neno ndani yake bila programu ya kusoma picha, anaivuta kushoto na kulia kwenye simu ndogo, na inamla bando. Andika maneno kwenye ukurasa wenyewe. Faili la kuchapa libaki kwa fomu tu.

Meseji zina mtego ambao wengi huugundua bili ikifika. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na ukigawanywa kila kipande hubeba 153. Lakini ikiingia alama moja isiyo kwenye seti ya msingi ya herufi za simu, ujumbe wote hushuka hadi herufi 70, au 67 kwa kipande. Kiswahili kinaumizwa hapa na ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng'. Ukiandika "Chang'ombe" kwenye programu ya kuandikia ya kompyuta, ritifaa iliyonyooka hugeuzwa kuwa iliyopinda, nayo haimo kwenye seti. Ujumbe wa herufi 150 uliopaswa kuwa mmoja unakuwa vipande vitatu. Kwa waombaji 4,000 unalipia 12,000. Dawa ni kuufanya mfumo ubadilishe ritifaa zilizopinda na vistari virefu kabla ya kutuma, usimtegemee mwandishi akumbuke.

Menyu ya USSD (ile ya kupiga namba yenye nyota na reli) kwa wenye vitochi ina skrini ya herufi 182. Mikoa 26 ya Bara pamoja na namba zake haienei humo. Uliza kanda kwanza, kisha mkoa, kisha fani, na uishie hapo: majibu kamili yaende kwa meseji, kwa sababu muunganisho wa menyu hukatika mtu akisita, naye huanza upya.

Tarehe ya mwisho inahitaji umakini kuliko inavyoonekana. "Mwisho tarehe 30 saa 6 usiku" ni usiku upi: wa kuamkia 30 au wa kuamkia mwezi unaofuata? Andika "mwisho ni Jumanne tarehe 30, saa 10:00 jioni", muda ambao ofisi bado iko wazi kupokea malalamiko. Kisha kagua saa ya seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti. Ikiwa kwenye saa ya kimataifa (UTC), iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo fomu uliyoipangia kufungwa 16:00 itafungwa saa 1 usiku. Waliotuma baada ya saa 10 watasema mfumo uliwapokea, na watakuwa sahihi.

Msimu wa fomu ni msimu wa matapeli pia. Kwenye kila ukurasa wa kozi sema fomu inapatikana wapi, inalipiwa au hailipiwi, na kwa njia gani. Chuo cha serikali kiseme wazi kwamba malipo ni kwa kontro namba (namba ya malipo ya serikali) tu, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu.

Ukomo wa taarifa kabla ya kuthibitishwa tena napendelea uwe siku 90. Mstari usiothibitishwa ndani ya muda huo mfumo uifiche ada yake na kuonyesha "piga ofisi ya udahili". Wakuu wa idara hulalamika, lakini simu zikizidi hulithibitisha jedwali wenyewe.

Orodha ya waliochaguliwa isibandikwe na namba za simu, tarehe za kuzaliwa na majina ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na baadhi ya vijana hawa hawajafika miaka 18. Mwombaji aingize namba yake ya maombi aone jibu lake peke yake. Ikilazimu kubandika, weka jina na namba ya maombi, na uishushe usajili ukifungwa.